Tangi Nalo Hupumua

Natoka Nghumbi, ambako ndoo
haiachwi pungufu hata kidole.
Zamu yako kisimani ikifika saa nane usiku
unajaza hadi ukingoni, unaweka majani juu
lisimwagike tone.
Kwa hiyo siku ya kwanza Mtera
nilijaza tangi la petroli vivyo hivyo,
nikaiona inameta shingoni, nikajisifu.

Shangazi Nyemo alinitazama
kama mbuzi aliyeingia chumba cha kulala.
"Punguza. Haya si maji.
Jua likipanda itavimba,
ikivimba itatafuta njia,
na njia yake itapita miguuni mwako."

Alinifundishia nchi kavu, tangi likiwa mchangani.
Ndani ya boti hajazi mtu.
Mvuke wake, alisema, haupandi kama moshi wa jikoni;
unashuka, unajilaza chini ya mbao
kama nyoka anayekwepa jua,
unangoja sigara, au waya wa betri uliolegea.
Sikumuuliza habari za mkono wake wa kushoto,
ngozi ilivyong'aa toka kiwiko hadi kidole cha pete.
Mkono huohuo ndio aliotumia kunionyesha.

Huu mpira, upinde uone kama una nyufa.
Hiki kibofu: mshale wake uelekee mashine,
ukielekea kwako utaminya hadi Idi.
Minya mpaka kikaze
kama kiwele cha mbuzi aliyesahauliwa.
Mashine yetu hii, lita ishirini na tano, oili nusu lita;
usikisie, wewe si mpika pombe.
Na hili chujio, kikombe cha kioo:
petroli imekaa juu, maji yamekaa chini.
"Mwaga hayo."
Mimi, mtoto wa Nghumbi, nikayamwaga maji.
Yalikuwa kijiko tu. Yaliniuma.

Halafu ile Jumatano.
Tunarudi kutoka kambini, matenga manne ya perege,
katikati ya miti iliyokufa ikiwa imesimama majini.
Mashine ikakohoa. Ikanyamaza.
Nikavuta kamba. Nikavuta.
Kushoto, mahali fulani, kiboko akapiga chafya.
Nikashika mpira niuchomoe,
niimiminie mashine petroli mdomoni,
nilivyoona wenye bodaboda wakifanya.

"Acha. Nusa kwanza."
Nikanusa: samaki, matope, jasho langu.
"Sasa tumia macho."
Tangi lilikuwa limebonyea mashavu
kama mzee anayefyonza uboho.
Ile skrubu ya hewa, pale juu ya kifuniko:
asubuhi niliikaza tulipolipakia kwenye pikipiki,
nikaisahau hivyo hivyo.

Nikaizungusha mara mbili.
Ssss.
Tangi likavuta pumzi, likatoa mlio wa bati,
mashavu yakarudi.
Kibofu kikalegea, kikalegea, kikakaza.
Mvuto wa pili, mashine ikashika.

Hakusema neno hadi tulipofunga kamba gatini.
"Umelinyima hewa, likakunyima mafuta.
Hamdaiani."
Akaanza kuhesabu samaki.

Siku hizi nanawa mara tatu kwa sabuni ya mche
na bado mlenda wangu unanuka mashine.
Kila dumu naliacha na nafasi ya kiganja.
Mwanzoni mkono ulikataa,
uliendelea kumimina wenyewe.

Jana mama alipiga simu.
Akauliza kama huku maji yapo.
Yapo, mama, macho yanachoka kabla hayajafika ng'ambo.
Kazi yangu ni kuyazuia yasiingie kwenye dumu.

Akanyamaza.
Nyuma yake nikasikia ndoo zikigongana.