Ndoo ya Babu Gebhard

Theluji ilifika madirishani usiku ule wa Februari
na Walburga, boksa wetu, akazaa saba jikoni:
watano rangi ya mkate uliookwa,
wawili weupe.
Niliwapima kwa mizani ya unga,
nikaandika gramu zao kwenye daftari la babu.

Humo wa kahawia wana majina, bei, mnunuzi.
Weupe wana msalaba mdogo wa penseli,
na kando ya mlango, mpaka leo, ipo ndoo ya bati.
"Damu imechafuka," alikuwa akisema,
lawama akamtwika mbwa wa mchinjaji
aliyepita kijijini siku za soko.

Mbwa wa mchinjaji hana kosa.

Babu alipenda soksi nyeupe miguuni,
mchirizi mweupe katikati ya macho,
kifua kama shati la Jumapili.
Akaoanisha dume lenye soksi na jike lenye soksi,
akatwaa vikombe hadi Stuttgart.
Hakujua soksi ni nakala moja ya jeni;
mtoto akirithi ya baba na ya mama pia,
soksi hupanda, hupanda, humvaa mzima.
Alichokivisha utepe ndicho alichokizamisha.

Daktari Roswitha alinichorea mezani
kwa kidole kilicholowa chai:
tumboni mwa mama, chembe za rangi huanzia mgongoni,
huteremka ubavu huu na huu
kama wachungaji wa hapa Allgäu
wanaposhusha ng'ombe kutoka milimani Septemba.
Kifua na vidole ndio mwisho wa safari.
Wakiwa wachache, usiku huwakuta njiani.
Weupe ni nyumba ambayo rangi haikupiga hodi.
Na ndani kabisa ya sikio wana kazi nyingine, alisema,
akafuta meza kwa kiganja.

Wiki ya sita niligonga sufuria nyuma yao.
Mweupe wa kwanza aligeuka, akanibwekea.
Wa pili akaendelea kulala.
Nikagonga tena. Nikaita. Nikaimba, hata mimi nisiyeimba.
Kisha nikakanyaga ubao wa sakafu, mara moja tu,
akafumbua macho, akanitazama
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Ndoo sasa ina viazi.
Daftarini nimeandika: dume, mweupe, kilo nne, husikia kwa nyayo.
Mahali pa mnunuzi nimepaacha wazi.