Mstari Juu ya Bari

Ushangi alipanda ngazi hadi orofa ya nne,
runinga mgongoni, imeviringishwa blanketi,
inchi arobaini na tatu, kama anapeleka mgonjwa kliniki.
Lifti za hapa Kutaisi hudai sarafu
naye sarafu hakuwa nayo, au alikuwa nayo akainyima.
"Fundi," akahema, "Italia imekatika."

Nikaiwasha. Picha safi, rangi zimetulia,
ila mstari mmoja mweusi, wima, mpana kama kidole.
"Mstari tu huu, mzee. Wapo wanaoishi nao miaka."
"Hujanielewa. Kila jioni
natazama hali ya hewa ya kule. Ramani ikija
mstari unakanyaga kisigino, pale pale, juu ya Bari.
Sijui kama kwa Iamze kunanyesha."

Iamze ni mkewe. Huu mwaka wa tisa
anamwogesha mama wa watu, anamlisha supu,
na kila mwezi anatuma euro mia nne, na soksi.
Simu wanapigiana. Lakini kwenye simu, asema Ushangi,
mtu husema "sijambo" hata akiwa amelowa chapachapa.

Skrubu kumi na nne. Nikamfungua mgongo.
Ukingoni mwa kioo zimejipanga tepe rangi ya asali,
laini kama ganda la kitunguu,
na kila utepe umebeba nyuzi za shaba mamia
ambazo jicho tupu linaziona kivuli.
Mmoja umebanduka. Ukungu wa kijani
umeitafuna shaba bila kelele.
"Kioo unakifuta na nini?"
Akatazama viatu. "Maji. Na siki kidogo.
Iamze alikuwa akifanya hivyo kwa madirisha."

Hapa lehemu haina kazi.
Hapa ni gundi yenye chembe, na gundi hii ina adabu:
umeme huupitisha kwenda chini, ubavuni haupitishi,
kama jirani anayemnong'oneza wa mbele yake
na wa pembeni asisikie neno.
Pamba, spiriti, hadubini.
Nikasugua mpaka kioo kikalia chwi.
Nikaulaza utepe, uzi juu ya uzi,
nikashusha chuma cha moto: nyuzi za joto mia na themanini
juu ya nyuzi ambazo hata unywele ni mnene kwao.
Nikabana pumzi. Ushangi naye akabana yake,
sijui ya kazi gani.

Nikawasha. Mistari mitatu.
"Sasa umefuta na Napoli," akasema.

Sikujibu. Fundi akijibu, mkono hutetemeka.
Nikabandua, nikasafisha upya,
nikatafuta kosa langu kwenye hadubini nikalikuta:
njia moja tu kulia, pengo lisilojaa hata vumbi.
Ushangi alikuwa ametoa divai, chupa ya plastiki ya maji ya madini,
lakini hakumimina. Aliishika tu kwapani
kama mtu anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji.

Mara ya pili nilihesabu sekunde kwa sauti.
Kumi na tano. Kumi na sita, kwa bahati.
Nikaacha ipoe. Tukasikiliza mbwa wa ua wa chini.

Alikuja na king'amuzi ndani ya mfuko wa viazi;
dishi ninalo, kibarazani, limeegemea kamba za nguo.
Mwanamke mwenye koti jekundu akatokea, akasogea pembeni,
na ile nchi ikashuka nzima, bila kovu,
paja, goti, kisigino.
Juu ya Bari: wingu la kijivu, matone matatu.

Ushangi akasimama. Simu ilikuwa sikioni tayari.
"Iamze! Hapana, hapana, mimi mzima.
Mwavuli uko wapi? Nasema mwavuli.
Basi usitoke. Mpe huyo bibi supu ya jana."
Akavuka mlango akiwa bado anamgombeza,
akashuka ngazi zote nne, sauti ikapungua, ikaisha.

Divai aliisahau kwenye kiti. Malipo pia.
Nami nikabaki na Italia nzima mezani,
inanyeshewa.