Matundu Manne

Mwezi wa tatu sasa namuua mtu yuleyule.
Hana jina. Mashine humwita Mgonjwa wa Nne.
Ini lake jekundu kama zulia jipya,
mafuta yake ya manjano hayana harufu,
na kila nikikosea mshipa
damu hupanda kiooni kimyakimya,
kama chai iliyomwagika mbele ya mgeni,
kisha maandishi: Mgonjwa amefariki. Anza tena?

Naanza tena.

Chumba hiki kilikuwa stoo ya machela.
Miwani ni moja, wanagenzi ni tisa,
mkanda wake unanuka jasho la Wabwire aliyenitangulia.
Nimeshika vijiti viwili vya chuma
ambavyo ncha zake ziko mahali pasipokuwapo.
Somo la kwanza ni kusahau:
ukisukuma kulia, ncha huenda kushoto,
ukiinua, huinama.
"Usikimbizane nayo," husema Daktari Khainza nyuma yangu.
"Tundu ndilo egemeo.
Mlango mdogo hauingiwi kwa mabega."

Umeme wa Mbale ukikatika
Mgonjwa wa Nne hutoweka na kazi yangu ndani yake.
Nabaki gizani na vijiti vyangu, nimeona haya,
kama mtu aliyeachwa akiongea peke yake.

Babu yangu alikuwa ngariba.
Alikata uwanjani, mchana, ngoma za kadodi zikilia,
kijana amepakwa kimea cha wimbi, hapepesi macho,
kijiji kizima shahidi.
Kisu kimoja, pumzi moja, basi.
Nilipomwonyesha picha ya ile miwani kwenye simu
aliitazama sana.
"Humo ndani unamkata nani?"
"Hakuna mtu, babu."
"Sasa mbona unatetemeka?"

Kuna msemo: nyongo mkalia ini,
adui aliye karibu mno kumfukuza.
Kazi yangu ni kuwaachanisha wawili hao
bila ini kusikia neno talaka.

Jumatano akaletwa mwanamke kutoka Budadiri,
Kakai, mkulima wa kahawa,
mawe kumi na mawili kwenye kifuko cha nyongo
na usiku mwingi bila usingizi.
Buni zake zitaiva baada ya wiki tano, alisema,
na za watu wengine hazitamngoja.
Kisha akaniuliza mimi, si Khainza:
"Umefanya hii mara ngapi?"

Khainza akageukia dirisha.

"Kwenye mashine, mara mia moja na arobaini.
Thelathini na moja za mwanzo, alikufa."
Nilisikia sauti yangu ikitafuta pa kukaa.
"Kwa mtu mwenye jina, wewe ndiwe wa kwanza.
Daktari atakuwa nyuma yangu, mkono wake karibu na wangu."

Hakunitazama usoni. Alitazama viganja vyangu,
akavigeuza, kama anayekagua buni kabla ya mzani.
"Basi yawe madogo hayo matundu," akasema.
"Gunia halina huruma."

Manne. Kubwa kuliko yote halizidi ukucha wa kidole gumba.
Kamera ikaingia kitovuni,
nami nikaona kwamba nilikuwa nimedanganywa, kwa wema:
ini si zulia.
Lina rangi ya udongo uliolowa,
lina mng'ao, lina makovu madogo ya maisha yake,
na linapanda,
linashuka,
linapanda.

Mgonjwa wa Nne hakuwahi kupumua.

Nikasimama. Vijiti vyangu vikasimama.
Nikahesabu pumzi tatu za mtu ambaye angeamka
na kuniuliza kama nimemaliza.
Khainza hakusema neno.
Mahali fulani moyo wa mashine ulilia, pi, pi,
na hapakuwa na maandishi popote.

Ini likashuka.
Nikapeleka mkono kulia,
ncha ikaenda kushoto,
pale pale nilipotaka.