Kumi kwa Kumi

Jumatano, saa nne asubuhi, zahanati ya Ngarenaro,
mimi ndiye mwalimu.
Nesi Ndewirwa ananikabidhi kile kijiti cha mninga
alichokichonga fundi wa Kijenge,
aliyeona haya kuuliza ni cha nini
akatoza bei ya mguu wa kiti.
Tazama tarehe. Chana kwa vidole, siyo kwa meno.
Minya ncha, hewa itoke. Teremsha mpaka shinani.
Wasichana wanacheka, nami nacheka,
mikono yangu inaijua kazi hii kama kufunga kilemba.
Mtihani wa semina nimeufanya mara tatu,
mara tatu kumi kwa kumi.
Cheti nimekitundika ukutani, juu ya kitanda
kile kile.

Juni. Baridi ya Arusha inauma mpaka kwenye fizi.
Tumesimama watatu nyuma ya gereji: mimi, Penueli,
na Nasinyari ndani ya sweta la shule la mwanawe.
Akaja mwana-Apolo, katoka Mirerani,
kucha bado nyeusi kwa vumbi la shimoni.
Kumi na tano na ganda, akasema. Bila ganda, arobaini.
Kwani nani alishakula pipi na ganda lake?

Jibu ninalo. Nimelifundisha.
Kwenye kitabu cha semina lina ukurasa mzima:
akisema hivi, wewe sema vile.
Nikasema vile.
Akasema, hamsini.

Ukurasa unaishia hapo.

Sikusahau. Mtu asije akaandika nilisahau.
Nilikuwa na tatu kwenye soksi, tarehe zake nzuri,
nikazisikia zikikwaruza kifundo cha mguu
muda wote nilipokuwa nikihesabu:
kodi, daftari la duka la Mangi, viatu vya Elibariki
ambavyo kidole gumba kimeshachungulia dunia.
Hesabu ilikuwa sahihi. Hata ile nayo
ningepata kumi.

Na kabla ya hapo, usiku wa doria,
nilitupa sita mtaroni
kwa sababu mkononi mwa afande pakiti ni ushahidi.
Saa moja baadaye nilihitaji moja.

Tena kuna Loishiye, fundi rejeta wa Unga Limited,
aniletea maparachichi, anilaza upande wa ukutani
nisipigwe na upepo wa mlangoni.
Kwake sijawahi hata kuitaja.
Nikiitoa, atajua nimempanga kwenye foleni.
Kwa hiyo ninachokijua nakiacha nje
pamoja na viatu,
na asubuhi nakivaa, nakwenda kufundisha.

Alikuja binti wa dodoso, kalamu mbili, uso mwema.
Je, unajua? Ndiyo. Unajua wapi zinapatikana? Ndiyo.
Mara ya mwisho, ulitumia?
Alikuwa ametembea tangu Sakina juani, miguu imejaa vumbi.
Sikutaka kumwangusha.
Ndiyo, mwanangu. Weka vema.

Jumatano hii kaja mgeni, Anastela, kucha ameziuma zimekwisha.
Hakucheka pale wenzake walipocheka.
Akanyoosha mkono kama yuko darasa la tatu:
Dada Aika, na wewe ni kila mara?

Kijiti kilikuwa kimepata joto la kiganja changu.
Nikakiweka juu ya meza, kikabiringika,
kikaanguka, na hakuna aliyekiokota.
Mwezi huu mara mbili, nikasema.
Mwezi uliopita sikuhesabu.
Alikuwa mtu wa Mirerani. Hamsini.

Nesi akaacha kukoroga chai.
Nje mtu anauza dawa ya panya kwa kipaza sauti.
Nikangoja aibu ifike, nikiwa nimeinamia viatu vyangu.

Ndipo kule nyuma, karibu na mizani ya watoto,
kiti kikavutwa, na sauti ya Nasinyari, taratibu:

Hamsini?
Mimi alinipa thelathini.