Shilingi Sitini kwa Neno

Nkuhungu, saa tano usiku. Umeme umerudi,
feni inahamisha vumbi kutoka ukuta hadi ukuta.
Mbele yangu kitabu cha pampu ya kisima,
kurasa thelathini na moja za Kiingereza
zinazotakiwa Bujumbura, kwa Kifaransa, kabla ya Ijumaa.
Nalipwa shilingi sitini kwa neno,
neno la Kifaransa, si la Kiingereza;
mkataba unasema hivyo, nami nilitia sahihi bila miwani.

Kiingereza kina vitenzi vyenye mkia.
Kinachukua kitenzi cha mtoto wa chekechea,
toa, vunjika, kimbia,
kinakifunga kijineno nyuma: juu, chini, nje,
na ghafla hujui mnyama anaelekea wapi.
Toa-juu: kumbe ni kukata tamaa.
Kimbia-nje: dizeli imekwisha, wala haijakimbia popote.
Vunjika-chini: pampu iko palepale, wima
kama askari wa geti la Bunge,
ila haivuti.

Kifaransa hakipendi mikia.
Kinameza kijineno, kinafuta mdomo,
kinakupa neno moja lililopigwa pasi.
Toa-juu, maneno mawili. *Renoncer*, moja.
Sitini yangu imekwenda.
Ukurasa wa tisa peke yake umenila mia sita na sitini.
Nikampigia Mchiwa, mwenye karakana: tuhesabu Kiingereza.
Akacheka hadi simu ikakwaruza.
Dada, mkia wa ng'ombe haupimwi kilo peke yake.

Na sisi? Mkia wetu tumeuingiza tumboni.
Funga, fungua. Ziba, zibua.
Sauti moja tu na mlango umegeuka.
Ishiwa: jaribu kumweleza Mfaransa
kwamba kilichokwisha ni sukari
lakini kitenzi kimenikamata mimi.

Ukurasa wa mwisho hauna nati wala bomba.
Una picha ya Bi Nyemo Chilewa, wa Mvumi,
na ushuhuda wake. Alisema Kigogo,
kijana wa mradi akaandika Kiswahili,
mtu wa ofisini akaugeuza Kiingereza:
kisima cha zamani kilipokauka,
miaka kumi na mmoja,
yeye alibeba-juu.

Yaani aliendelea, basi. Kamusi zote zinakubaliana.
*Continuer*. Nimeandika, nimefuta.
Maana kwenye picha ndoo iko pale,
ndoo ya rangi, lita ishirini,
na ngata ya kitenge chini yake,
na Kiingereza, bila kukusudia, kimeitaja:
beba, juu.
Sijui kama yule wa ofisini aliona.
Nadhani alikuwa anawahi chakula cha mchana.

Endelea yetu ina miguu. Ikwangue, utaikuta enda,
inatembea alfajiri kwenye mchanga wa korongo.
Na Mwalimu Ndayizeye, aliyetufundisha Kifaransa
kwa chaki alizozikata vipande vitatu ili zifike Desemba,
alituambia kuwa ndani ya *continuer*,
ukichimba hadi Kilatini, kuna mkono unaoshika.
Sawa, mwalimu, mkono upo.
Shingo je?

Nimeongeza: *à porter l'eau sur la tête*.
Kubeba maji kichwani. Maneno sita
ambayo hayamo kwenye Kiingereza,
labda hayakuwamo hata kwenye Kiswahili cha yule kijana,
na Kigogo chake Bi Nyemo sikukisikia.
Mia tatu na sitini.
Mchiwa atadhani nalipiza ukurasa wa tisa.

Nimeyatoa kwenye ankara, nikazima taa.
Saa saba nimeamka, nikayarudisha.
Nimeishiwa gesi.