Kipande cha Tezi, Tartu

Januari. Urve anapokea kisanduku cha barafu
kutoka chumba cha upasuaji:
kipande cha thimasi, weupe wa maziwa yaliyoingia damu,
kilichoondolewa ili kisu kiufikie moyo
wa mtoto wa miezi minne.

Chini ya hadubini, jando.
Seli zimetoka ubohoni bila jina,
zinaulizwa: unawajua wenyeji?
Zinaonyeshwa chembe ya ini, ya jicho,
tone la insulini, mate,
mwili mzima umekunjwa humu kama barua.

Asiyemtambua yeyote hufa kwa kupuuzwa.
Amkunjiaye nduguye ngumi, hufa pia.
Katika mia hutoka wawili, watatu.

Ila wapo waliokunja ngumi nusu.
Hao wakaachwa,
wakapewa kazi ya kuwashika wenzao mikono:
tulia, huyu ni wa kwetu.

Urve ana kisukari tangu darasa la tatu.
Kikulacho ki nguoni mwako;
chake kilikuwa ndani zaidi ya nguo.
Anajidunga tumboni, anashusha sweta,
anarudi kuwahesabu wapatanishi
wa mtoto asiyemjua.

Arobaini na moja.
Amepotewa na hesabu. Anaanza upya.