Likitaka Linazimika

Lori la baba mkwe, la mwaka themanini na saba,
rangi ya maziwa yaliyolala, mlango mmoja wa kijani
uliong'olewa kwenye lori jingine lililofia Melfort,
huzimika pale pale: maili mbili kupita ghala la nafaka,
changarawe inapoanza kuota mbavu.
Halikohoi. Halitoi moshi. Hunyamaza tu
kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya maneno.

Orest hushuka, hulipiga tangi teke la buti.
Linawaka.
"Umeona? Pampu."
Amenunua pampu mbili tangu Pasaka,
zote kwa shemeji yake Bohdan, kwa bei ya undugu,
yaani ghali.

Kwa fundi mjini likashika adabu.
Likanguruma kutwa. Akalizungusha kwenye lami mara tatu,
akatuandikia risiti ya dola tisini: halina kitu.
Mgonjwa gani huyu, homa humshuka akimwona daktari,
humpanda tena akiwa mlangoni?

Mimi si fundi. Miaka kumi na tisa nilipokea simu
za gari la wagonjwa, Humboldt, zamu ya usiku.
Kazi yangu ilikuwa kuuliza: saa ngapi, wapi,
alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka.
Basi nikanunua daftari.

Jumanne. Baridi, tangi limejaa. Limezimika.
Alhamisi. Joto, tangi robo. Limezimika.
Jumapili. Kanisani na kurudi, lami tupu. Halikuzimika,
Orest akamshukuru Mungu kabla ya wakati.
Jumatatu. Changarawe, magunia ya mbegu nyuma. Mara nne.

Si joto, basi. Wala si uchache wa petroli.
Ni mtikisiko.

Jioni nikalala chali chini yake, juu ya boksi lililokunjuliwa,
mbu wa Juni wakinila bila kunawa.
"Fungua swichi," nikamwambia Orest, "usiwashe."
Mmmm. Sekunde mbili: pampu inaamka,
inajaza bomba, inatulia.
"Tena."
Mmmm.
Nikaigonga fremu kwa kiganja. "Tena."
Kimya.
Kimya kile nakijua. Nimekisikia kwenye simu.

Nikatoa mita. Sekunde mbili si nyingi;
Orest alifungua na kufunga hadi akachoka kuuliza kwa nini.
Waya mwekundu, kwenye plagi ya pampu: volti kumi na mbili, kamili.
Waya mweusi nao ukipimwa naye: nne.
Umeme unafika.
Haupati njia ya kurudi.

Nikaufuata mweusi kwa vidole, kama atafutaye mshipa,
hadi nyuma ya gurudumu la kushoto, kwenye chesisi,
ambapo bolti moja ndogo ilishika kutu
na kutu ikashika waya,
na chumvi ya barabara, ya majira ya baridi thelathini na ushei,
ilikuwa imekaa katikati yao ikila.
Ukiugusa, unashika. Ukiutikisa, unaachia.
Teke la Orest halikuamsha pampu hata siku moja.
Liliusukuma waya kwao, kwa bahati.

Msasa. Brashi ya chuma. Bolti ya senti arobaini.
Grisi, ya kutosha kuudhi.

Tukatoka kulijaribu jua likiwa bado juu ya ngano changa.
Kwenye zile mbavu Orest akapunguza mwendo,
akakaza usukani, akafumba jicho moja.
Meno yetu yakagongana. Mlango wa kijani ukalia.
Injini haikusita.

Maili nzima hakusema neno.
Kisha: "Bohdan atasema ni pampu yake."
"Ipi kati ya mbili?" nikauliza.

Nyumbani akazima, akashuka, akazunguka nyuma,
akalipiga tangi teke.
"Mazoea," akasema,
akaingia ndani kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.